Kikao cha Kusimama

Saa kumi na mbili kasorobo, Dundee, Januari.
Giza limelala juu ya mto
kama shuka ambayo hakuna aliyeikunja,
nami ni mwenyekiti
wa kikao kisicho na kiti hata kimoja.

Niliviondoa mwenyewe wiki ya kwanza, viti kumi na vinne,
nikavirundika nyuma ya mashine ya kukaushia.
Gregor akauliza, tumefukuzwa?
Hapana, nikamwambia, miguu ina saa yake,
ikichoka itatukumbusha
kwamba shuka za hospitali hazijifui.
Lugha yangu ingenishtaki:
kikao ni kukaa, na mwenyekiti ana kiti.
Acha inishtaki.

Bwana Rennie, aliyenitangulia, alipenda meza.
Alhamisi zake zilikuwa na chai, biskuti,
na mishale myekundu ukutani,
mingine ya kupanda, mingine ya kushuka,
saa nzima na robo.
"Tumejadiliana," aliandika, na aliyesema ni yeye.
Mimi nilikaa nyuma, karibu na bomba la joto, nikihesabu vigae.
Nilijifunza kwake mengi,
kama mtu anavyojifunza njia kwa kupotea.

Ajenda yangu huandikwa kiganjani.
Leo mambo mawili:
foronya za wodi ya watoto zinazorudi na madoa,
na nani ashike Jumapili, Ishbel akienda kupasuliwa goti.
La kwanza lilikula dakika tatu.
La pili liliisha kabla sijalimaliza kulisema,
Tesfalem alikwisha inua mkono
kisha akaushusha haraka, kama aliyeiba.

Hapo ningeweza kufunga.
Lakini kuna kosa nililojiapiza nisilirudie:
kuuliza "kuna swali?" huku nimeshashika kitasa.
Nikauliza vingine.
Kuna nini mnachokijua ambacho mimi sikijui?
Nikanyamaza.

Husemwa kimya kingi kina mshindo.
Haisemwi kinavyomuwasha aliyekiitisha.
Nikahesabu. Saba. Nane.
Gregor akakohoa.
Callum akalisoma bango la kizimamoto kana kwamba ni barua ya mchumba.
Kumi na tatu. Mkono wangu ukaanza kutafuta kitasa wenyewe.
Kumi na tisa,

"Namba tatu inanuka," akasema Halina,
miaka minane akikunja,
sauti yake nikiijua kwa kuaga tu.
"Mkanda. Kama nywele zinazoungua. Tangu Krismasi."

Tangu Krismasi! Mbona hukusema?
Swali lilifika kwenye meno, nikalimeza.
Jibu nilikuwa nalo: nani alimuuliza?

Tukaizima namba tatu.
Fundi alipoifungua ubavu,
nyuzi za pamba zilikuwa zimejisokota kwenye chuma,
nyeusi, na katikati, kama jicho, wekundu kidogo.
Hakusema kitu. Alipiga mluzi.

Kumbukumbu za kikao nikazibandika mlangoni:
Halina kanusa. Fundi kafungua.
Leo tunakunja kwa mikono, sote, nami nimo.
Mahudhurio: kumi na wanne.
Waliosikika:
hapo kalamu ilisita.
Nikaandika wanne,
maana uongo ni doa lisilotoka kwa maji ya moto.

Mengineyo.
Saa tatu kasoro, alfajiri ya huku ilipoamka kwa uvivu,
rangi ya chai iliyozidi maziwa,
lori la kwanza likarudi nyuma likilia,
na Halina, vidole vyekundu kama vyangu,
akaniuliza kesho ni saa ngapi.
Saa ile ile. Dakika kumi.
"Basi kuna habari ya namba tano," akasema,
akavuta glavu,
akachukua pembe mbili za shuka
akaningoja nishike zilizobaki.